Yai Lenye Viini Kumi

Mtaani walimwita Mama Kamusi, na jina hilo alilipata msibani. Siku hiyo msemaji wa familia alisimama na karatasi, akatangaza kwamba sasa atasoma tawasifu ya marehemu. Mama Kamusi, aliyekuwa ameketi safu ya pili, akamnong'oneza jirani yake kwamba tawasifu ni habari ambayo mtu anaiandika mwenyewe kuhusu maisha yake, na kwa jinsi mambo yalivyo, hiyo haikuwezekana. Mnong'ono wake ulikuwa na kasoro moja tu, ulisikika hadi nje. Kutoka hapo hakuitwa jina jingine.

Alikuwa mfasiri. Alifanyia kazi nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula, na maneno yake yalikuwa yameingia katika nyumba nyingi kuliko mtu yeyote aliyemfahamu: maelezo ya pasi za umeme, karatasi zinazokunjwa ndani ya boksi za dawa, masharti ya dhamana ya feni. Watu waliyatupa maneno hayo pamoja na maboksi. Mwenyewe alisema amezoea, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli.

Katika miaka hiyo kampuni mbili zilikuwa zikigombea soko la kompyuta mpakato. Hazikutengeneza kompyuta zenyewe. Zilitengeneza kichakataji, kile kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kinachokaa ndani na kufanya hesabu zote. Kila kompyuta iliyouzwa ilibandikwa kibandiko kidogo karibu na vibonye, ili mnunuzi ajue imebeba kichakataji cha nani. Kampuni moja ilikuwa na kibandiko cha zambarau, nyingine cha manjano, na wauza duka, mafundi na wanafunzi waliziita hivyohivyo, Zambarau na Manjano. Zilishabikiwa kama timu za mpira. Kulikuwa na vijana waliokuwa tayari kuvunja urafiki kwa ajili ya Manjano na ambao hawakuwahi kumiliki hata kikokotoo.

Wa kwanza kumjia Mama Kamusi walikuwa Zambarau. Walimtuma meneja wao wa masoko, bwana mmoja mrefu, mpole, mwenye simu mbili, ambaye kila simu moja ilipoita alitazama nyingine. Alieleza kwamba kampuni imechoka kutangaza kwa lugha ambayo mnunuzi anaisoma huku amekunja uso. Walitaka vipeperushi, mabango, kila kitu kwa Kiswahili ambacho mtu akikisoma asijue kimefasiriwa. Akampa mkataba wenye kurasa nne, na Mama Kamusi akautia sahihi: hatatoa siri za kampuni kwa mtu yeyote.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ila ilikuwa na mahali pa kukwaa. Ndani ya kichakataji cha Zambarau mlikuwa na sehemu nane, kila moja ikifanya kazi yake, na wataalamu huziita viini. Akaandika "viini vinane." Kama kawaida yake, kabla ya kupeleka alimsomea mama mkwe wake.

Mama mkwe aliishi nao tangu alipofiwa na mumewe. Alikuwa amefuga kuku wa mayai kwa miaka ishirini na sita, na aliamini kwamba jambo lisiloeleweka na mtu aliyefuga kuku miaka ishirini na sita halina haja ya kuandikwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akichambua mchele. Akauliza mpakato maana yake nini. Akaambiwa ni kompyuta ya kupakatwa, inayokaa mapajani. Akasema vema, kama mtoto. Akauliza kuhusu viini. Akaelezwa. Akachambua kidogo, kisha akasema ameelewa: ni mtoto wa kupakatwa aliyetengenezwa kwa mayai. Mama Kamusi alipeleka kazi jinsi ilivyokuwa.

Wiki mbili baadaye akapigiwa simu na Wakala. Huyu alikuwa mwanamke mwenye ofisi ya tafsiri juu ya duka la viatu, na alikuwa amempa kazi kwa miaka kumi na moja bila kugombana naye zaidi ya mara tatu. Alituma karatasi zisizo na jina la mteja, lakini zilikuwa na mpaka wa manjano kandokando, na mstari wa kwanza ulizungumzia viini.

Mama Kamusi alimpigia, akakataa. Wakala hakubishana. Alisema anaelewa kabisa, basi kazi ataipeleka kwa Bwana Neno-kwa-Neno.

Inabidi kueleza. Bwana Neno-kwa-Neno alikuwa mfasiri mwingine, mtu mwema, mcha Mungu, na ambaye Mama Kamusi hakuweza kusikia akitajwa bila kuweka kikombe chini. Ndiye aliyefasiri maelezo ya kipanya cha kompyuta na kuwaandikia wateja: "Panya wako hana waya. Mfungue tumbo, mtie betri." Mama Kamusi alikuwa ameikata karatasi ile na kuihifadhi kwenye droo, kama watu wengine wanavyohifadhi cheti cha kifo.

Akautoa mkataba wa Zambarau, akausoma mara tatu. Ulisema asitoe siri. Haukusema asiwaandikie wengine. Akampigia Wakala tena, akamwambia alete.

Alijiwekea sheria. Asubuhi aliandika ya Zambarau kwenye meza ya kulia chakula. Mchana aliandika ya Manjano katika chumba cha mwanawe, ambaye alikuwa masomoni mbali, kwenye meza ndogo iliyojaa vikombe vya mashindano ya mbio. Karatasi ya meza moja haikuvuka kwenda meza nyingine. Na alipotoka huku kwenda kule alinawa uso na mikono hadi viwiko, kama daktari aliyemaliza upasuaji. Mumewe, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, alimtazama akinawa siku ya tatu, akasema hata jokofu la milango miwili lina mtambo mmoja.

Mabango ya kwanza ya Zambarau yalitoka. Walijivunia kasi, na yeye aliwaandikia: "Kabla hujapepesa, kazi imekwisha." Jumatatu iliyofuata Wakala alipiga simu. Wateja wake wameliona bango, wameumia, wanataka kujibu. Wao nguvu yao si kasi, ni betri. Kompyuta zenye kichakataji chao zinakaa na chaji kutwa nzima, ilhali za wenzao zinakimbia sana kisha zinazimika mtu akiwa katikati ya sentensi.

Mama Kamusi alinawa, akaingia chumba cha mwanawe, akakaa mbele ya vile vikombe vya mbio. Hazikupita dakika tano. Bango la Manjano lilisimamishwa mkabala na lile la Zambarau, upande wa pili wa barabara, nalo lilisema: "Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

Mji ulicheka. Watu waliokuwa hawajui kichakataji walijua tayari kwamba kimoja kimetukanwa. Meneja wa Zambarau alikuja mwenyewe, simu zote mbili zikiwa zimezimwa, na akaketi kama mtu aliyeletewa habari za mgonjwa. Alimuuliza kama ameliona. Mama Kamusi alisema ameliona. Akamuuliza anaonaje. Alisema, kwa moyo mweupe, kwamba limeandikwa vizuri.

Meneja akamnong'oneza, kana kwamba Manjano walikuwa chini ya meza, kwamba wenzao wana udhaifu: vichakataji vyao vinachemka. Ukiipakata kompyuta yenye hicho nusu saa, mapaja yanaungua. Asubuhi iliyofuata Mama Kamusi akawaandikia: "Mtoto hupakatwa. Mwenye homa hupelekwa hospitali."

Wakala akapiga simu kabla bango halijakauka gundi.

Ikawa hivyo miezi mitano. Asubuhi alipiga, mchana alijibu. Mafundi wa kompyuta walibandika maneno yale ukutani. Mwalimu mmoja wa shule ya jirani aliyatumia kufundishia methali. Kinyozi wa mtaani alikuwa na viti viwili, na alianza kuwauliza wateja wanakaa cha Zambarau au cha Manjano. Mama Kamusi alipita katikati ya haya yote na kikapu chake cha sokoni, hakuna aliyemtazama mara mbili.

Kisha Manjano wakaleta kichakataji kipya na kukitangaza kwa kishindo, kwamba sasa viini ni kumi, wenzao wamebaki na vinane. Meneja alitaka jibu kabla ya jua kuzama. Mama Kamusi alikaa asubuhi nzima mezani bila kupata neno. Kila alichoandika kilikuwa na harufu ya jasho. Mwishowe akamsomea mama mkwe tangazo la Manjano, si kwa kutaka msaada, bali kwa kutaka mtu wa kulalamikia.

Mama mkwe aliweka ungo chini. "Mwanangu," akasema, "yai la viini viwili nimeliona, na nimelila. La viini kumi usiniulize mimi. Muulize kuku aliyelitaga."

Mama Kamusi akachukua kalamu. Akaandika, hakubadilisha ila kufupisha: "Yai lenye viini kumi? Muulize kuku."

Hilo halikuwa bango tena, lilikuwa msemo. Mtu akitia chumvi katika hadithi, wenzake walimwambia amuulize kuku. Mgombea mmoja alipoahidi visima kumi, mkutano mzima ulilia kama kuku. Mama mkwe alilisikia kutoka kwa msusi wake, akarudi nyumbani nywele zikiwa nusu, akataka kujua kwa nini maneno yake yanatembea mjini bila yeye.

Katikati ya ushindi huo kulikuwa na jambo lililoanza kumla Mama Kamusi taratibu. Meneja hakuwahi kumsifu. Kila alichoandika kilipitishwa kwenye kamati ya watu saba, na kila mmoja alitoa neno au kuongeza lake, mpaka yeye akalazimika kupigania hata nukta. Lakini Meneja alipozungumza juu ya maneno ya Manjano, uso wake ulilainika. Alisema yule anayewaandikia Manjano ana kipaji. Alisema laiti wangempata yule. Wiki hiyohiyo Wakala alimfikishia ujumbe kutoka kwa Manjano: wanauliza, kwa heshima zote, kwa nini yeye hana meno kama yule wa Zambarau.

Alirudi jikoni, akaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Alikuwa akimwonea wivu mtu aliyetumia mswaki wake.

Mambo yakafika mahali ambapo Meneja alimwomba, kwa kuwa wafasiri wanajuana, amchunguze yule wa Manjano na kuandika ukurasa mmoja kuhusu uwezo wake na tabia zake, ili waone kama anaweza kushawishika kuhama. Siku mbili baadaye Wakala akaleta ombi lilelile kutoka upande wa pili. Mama Kamusi aliandika kurasa zote mbili kwa uaminifu, kila moja kwenye meza yake. Kuhusu mwandishi wa Manjano alisema ana sikio zuri, lakini anaegemea mno methali, na anajiona. Kuhusu mwandishi wa Zambarau alisema ana ukali, lakini ukali mwingine inaelekea anauokota kwa watu wa nyumbani. Kuhusu kuhama, alisema kwa wote wawili kwamba haoni dalili.

Ndipo yakaja maonyesho ya kompyuta. Waandaaji walimwandikia kumwomba akalimani katika mjadala wa kitaalamu, wakataja siku na saa, hawakutaja wazungumzaji. Alikubali. Alipofika ukumbini na kupanda jukwaani kupima kipaza sauti, akakuta viti viwili vikubwa vimevalishwa vitambaa, kimoja zambarau, kimoja manjano, na katikati yao kiti kidogo cha mbao kisicho na kitambaa. Hicho kilikuwa chake.

Wazo la kwanza lilikuwa kusingizia kuumwa tumbo. La pili, kwamba mama mkwe na mumewe walikuwa wameshaketi safu ya tatu, na mama mkwe alikuwa amevaa viatu vyake vizuri, vile ambavyo havivaliwi kwa mambo yanayoahirishwa.

Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Meneja aliingia, akakaa safu ya mbele kushoto, akamwona jukwaani, akafurahi, akamwinulia kidole gumba. Wakala aliingia, akakaa safu ya mbele kulia pamoja na afisa wa Manjano, mwanamke mdogo wa umbo mwenye daftari, akamwelekezea Mama Kamusi kidole na kumnong'oneza afisa kitu sikioni. Yule afisa akampungia mkono kwa uchangamfu. Meneja aliuona mkono ule. Afisa akakiona kile kidole gumba. Wakatazamana, kisha wote wawili wakamtazama Mama Kamusi, na yeye akatazama glasi yake ya maji.

Wahandisi wakuu wa kampuni hizo walipanda. Wa Zambarau alikuwa mzee mwembamba aliyevaa sweta lenye kiraka kiwikoni. Wa Manjano alikuwa mama wa rika la mzee huyo, mnene, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Wote wawili walikuwa wageni, hawakujua Kiswahili hata salamu. Ukumbi ulinyamaza kama kabla ya ndondi. Watu walikuja kusikia vijembe, wengine walikuwa wameandaa simu kurekodi.

Wale wahandisi wakakumbatiana.

Ikaonekana walikuwa wamekaa meza moja ya maabara kwa miaka tisa kabla ya kila mmoja kwenda alikokwenda, na hawakuwa wameonana tangu hapo. Mzee alianza kwa kusema kwamba mengi anayoyajua kuhusu kupunguza joto alifundishwa na mwenzake huyu. Mama Kamusi akafasiri. Yule mama akasema kwamba hata yeye kila mwaka hununua kompyuta moja yenye kichakataji cha Zambarau, huifungua, na hujifunza kitu. Mama Kamusi akafasiri. Ukumbi ukaanza kunung'unika. Mzee akauliza goti la mwenzake linaendeleaje. Mama Kamusi akafasiri na hilo. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti akimtaka mkalimani afasiri yote, asiwafiche.

"Nimefasiri yote," akasema Mama Kamusi. "Kama mnangoja matusi, ngojeni wayatoe."

Mwongoza mjadala, akiona maji yanamfika shingoni, akaomba wahandisi waseme lolote kuhusu yai. Watu wakacheka, wakachangamka. Mama Kamusi ikabidi awageukie wale wawili na kuwaeleza kwa lugha yao habari ya viini, na mayai, na kuku anayepaswa kuulizwa. Yule mama wa Manjano alicheka hadi akavua miwani na kufuta macho. Kisha akasema, kwa furaha ya mtu aliye likizo, kwamba huyo kuku ni yeye, na kwamba alibishana na wakubwa wake mwaka mzima akiwaambia viini kumi ni vingi mno kwa matumizi ya watu wengi, ila walitaka namba ya kuandika kwenye boksi. Mzee akamshika mkono, akasema asijilaumu, hata katika vinane vyake, vinne hulala kutwa.

Mama Kamusi akafasiri. Afisa wa Manjano akafunga daftari. Meneja alikuwa ameziwasha simu zake zote mbili na kuzitazama kwa zamu, ingawa hakuna iliyoita.

Ndipo mama mkwe akanyoosha mkono. Aliletewa kipaza sauti, akakishika kwa mbali kama kitu kinachoweza kuuma, akajieleza kwamba yeye ni bibi, anataka kompyuta ya kumwona mjukuu wake aliye mbali wakizungumza, na ya kuandikia orodha ya wanachama wa kikundi chake, ambao ni kumi na wanne na wagomvi.

"Mniambie kweli, wanangu," akasema. "Nichukue ya zambarau au ya manjano?"

Wahandisi waliinamiana, wakashauriana kwa makini, kama madaktari. Kisha mzee akajibu kwamba kwa kazi hiyo zote ni sawa. Hata ya miaka minne iliyopita, ambayo madukani sasa wanataka kuiondoa, itamtosha na kubaki. Yule mama wa Manjano akaongeza kwamba bibi asihangaike na kibandiko, aangalie kama herufi za vibonye anaziona bila miwani na kama mkono wake unaweza kuibeba.

Kabla hajafungua mdomo, Mama Kamusi alimwona Meneja akipitisha mkono shingoni, na afisa wa Manjano akitikisa kichwa polepole. Alijua wanachoomba. Ingetosha kusema kwamba zote ni nzuri, bibi achague aipendayo. Lisingekuwa uongo, lingekuwa tafsiri iliyopitia kamati. Miezi mitano alikuwa amewapamba hawa na kuwapamba wale, na mkono wake ulikuwa mwepesi sana kwa kupamba. Lakini aliyeuliza alikuwa amesimama pale na viatu vyake vizuri, akingoja, na alikuwa mama yake.

Akafasiri neno kwa neno. Hata lile la mkono kuibeba.

Kicheko kilianzia safu ya tatu, kikasambaa. Baada ya mjadala watu hawakwenda kwenye mabanda ya mbele yenye taa na muziki. Walikwenda nyuma kabisa, ambako wauza duka walikuwa wamerundika kompyuta za zamani kwa kukata tamaa, wakaanza kuziinua moja moja kupima uzito na kusoma vibonye kwa mbali, miwani ikiwa mfukoni. Kabla ya saa nane mchana hazikubaki. Zile mpya zilikaa kwenye rafu zikimulika, za zambarau upande huu na za manjano upande ule, kama wageni waliofika kwenye harusi iliyohamishwa.

Meneja, Wakala na afisa wa Manjano walimkuta kwenye ujia wa nyuma ya jukwaa, wote watatu kwa pamoja. Meneja ndiye aliyeanza, na hakupaza sauti, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Mama, wewe ni wa nani?"

"Asubuhi nilikuwa wenu," akasema. "Mchana nilikuwa wa hawa. Siri ya mtu sikuitoa, na hilo mnaweza kulichunguza."

Afisa wa Manjano alitaka kujua kitu kimoja tu: kwa nini maneno makali aliwapa Zambarau. Meneja akageuka kumtazama kwa mshangao. Alikuwa anataka kuuliza swali hilohilo, kinyume chake.

Mama Kamusi alisema aliwapa sawa. Ila kila upande, ya kwao waliyaona yakiwa mabichi, kamati ikayatia vidole, yakapoa. Ya wenzao waliyaona yakiwa mezani, yameiva, moto unatoka. Hakuna mtu anayekifurahia chakula alichokaa jikoni akikibishia. Hakuwa amewahi kuisemea kazi yake hivyo mbele ya mtu. Mama mkwe, aliyekuwa amefika akimtafuta, akaona wamenyamaza, akachukua nafasi hiyo kuwaarifu kwamba lile la kuku ni lake.

Barua za kumwachisha kazi zilifika Alhamisi, mbili, ndani ya saa moja. Ile ya Zambarau ilikuwa na makosa manne ya sarufi. Hakuyasahihisha, akajiona amekua.

Miezi mitatu iliyofuata alifasiri maelezo ya mashine za kufulia. Zambarau walimpa kazi Bwana Neno-kwa-Neno, na bango lao likasema: "Pata uzoefu wa nguvu ya kizazi kijacho chini ya vidole." Manjano walijiandikia wenyewe, kamati nzima, wakatoa bango lenye maneno thelathini na moja, ambalo dereva alihitaji kusimamisha gari ili alimalize. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyekasirika. Kinyozi akarudi kuviita viti vyake cha dirishani na cha ukutani. Watu wakanunua kompyuta kwa kuzinyanyua tu.

Siku moja mchana, gari moja likasimama mbele ya nyumba, wakashuka Meneja na afisa wa Manjano. Walikaa kwenye kochi moja, magoti pamoja, kama washenga walioleta posa ya kijana mwenye kasoro. Ilichukua muda kufika kwenye neno. Mwishowe afisa alisema kwamba wamezungumza, na wanamwomba arudi, kwa wote wawili, na safari hii kila mmoja akijua.

Mama Kamusi alimtazama mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele kwa kelele ndogo kuliko kawaida ili asikose neno. Kisha akataja masharti. Kamati isiguse. Na chini ya kila bango, hata kwa herufi ndogo, liandikwe jina lake kamili la kuzaliwa. Meneja alisema la kamati litakuwa gumu, la jina ni rahisi. Afisa akasema kwao ni kinyume. Walibishana wao kwa wao pale kochini mpaka chai ikapoa, na Mama Kamusi akawaacha wabishane. Mama mkwe naye aliweka sharti lake, kwamba lolote lenye kuku lipite kwake kwanza, nalo likaandikwa.

Bango la kwanza lilisimamishwa Jumanne. Mumewe alikuwa anapeleka jokofu kwa mteja, akampakia kwenye gari lake la kazi, wakapita njia hiyo makusudi. Alisimama kando ya barabara, akazima gari. Wakashuka. Maneno makubwa yalikuwa sawasawa, alama zote mahali pake. Jina lilikuwa chini kabisa kwenye kona, na ilibidi wasogee hadi kwenye nguzo ili kulisoma.

Mumewe alilisoma kwa sauti, akaanza tena, akasita katikati.

"Hapa wamekosea herufi," akasema.

Walikuwa wamekosea. Mama Kamusi alilitazama jina lake lisilokuwa lake kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama tangazo. Kisha akafungua mkoba, akatafuta kalamu nene, akamuuliza kama ile ngazi anayopandia kwenye majokofu makubwa iko nyuma ya gari. Ilikuwepo. Fundi akaishusha, akaiegemeza kwenye nguzo, akaijaribu kwa mguu, akaishika kwa mikono miwili, na mkewe akaanza kupanda, madereva wakipita wakipiga honi.